Kikombe Kwanza, Birika Baadaye

Mkojo wa mtu aliye hai hutoka na joto lake. Nawaanzia hapo, wanangu, kwa sababu nusu ya ujanja niliouona katika kazi hii uliharibika kwa mtu kusahau jambo hilo dogo. Ubavuni mwa kikombe cha kupimia kuna kijikanda kinachoonyesha joto. Mtu akija na mkojo wa kuazima, akauficha kwenye chupa ya soda tangu alfajiri, kijikanda kile hakionyeshi kitu. Palikuwa na utingo mmoja aliyenikabidhi kikombe cha baridi kabisa. Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu aliyekupa amezikwa lini?" Akaona haya, akakaa. Mwenzake akaipata habari, na zamu yake ilipofika akaja na wa kwake ulioshinda ndani ya chupa ya chai. Kikombe kilikuwa cha moto hata kukishika ni taabu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaandika niliyotakiwa kuandika, maana kucheka ni kucheka na kazi ni kazi.

Mimi ni Zuhura, mtu wa Junda, Kisauni. Sasa nimestaafu, napika vitumbua kwa raha zangu na kuwasumbua wajukuu. Lakini kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwapima madereva wa matanka ya mafuta, pombe na dawa za kulevya, katika yadi moja ya Miritini. Nasikia nyinyi mnaisomea kazi hii darasani mpaka mnapewa cheti. Nafurahi. Ila kuna mambo hayamo katika masomo yenu, ndiyo maana nimekaa kuyaandika.

Nilipoanza hapakuwa na vikombe wala mashine. Askari wa lango alikuwa akimwambia dereva afungue mdomo aseme "haa," naye ananusa. Akinusa vibaya, gari haitoki. Mashaka ni kwamba askari mwenyewe siku nyingine alikuwa ametoka mangweni kunywa mnazi, kwa hiyo alinusa harufu yake akadhani ni ya dereva. Watu wawili walirudishwa nyumbani kwa mnazi wa askari kabla wakubwa hawajang'amua. Ndipo ikaja mashine ya kupuliza, vikaja na vikombe, nikaletewa na mtu wa kunifundisha.

Mtu huyo alikuwa Sista Agneta, mama wa Kitaita, mrefu, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopepesa. Alinifundisha kwamba mtu akisema kipimo cha pumzi kimedanganya, usibishane naye. Mwache asukutue, akae robo saa, apulize tena mbele yako. Siku za mwanzo dereva mmoja aliapa kwamba ni vitumbua alivyokula langoni pa yadi. Wenzangu kutoka bara wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa najua wapo wanaoumua vitumbua kwa tembo la mnazi, hata bibi yangu alifanya hivyo. Tukamkalisha robo saa. Alipopuliza tena, mashine ilikuwa safi. Mwezi uliofuata mwengine akasingizia vitumbua hivyo hivyo, akakalishwa robo saa yake, akapuliza, mashine ikapanda zaidi ya mwanzo. Kitumbua hukaa mdomoni, mnazi hukaa damuni.

Na kuna neno moja la Sista Agneta ambalo nalitaka mlishike kuliko yote. Alikuwa akisema, "Zuhura, utaratibu unalinda kikombe. Hauna ugomvi na mwenye kikombe." Nililisikia mara nyingi bila kulitia maanani, mpaka siku ya Mzee Bakari.

Kwanza niwaambie habari ya ukaguzi. Kampuni iliyotupa mafuta tuyabebe ilikuwa ikituma mkaguzi kutazama kama upimaji wetu ni wa haki au ni wa kupaka rangi tu. Mkaguzi akitufelisha, matanka yanasimama. Kwa hiyo wiki ya kujiandaa ilikuwa wiki ya roho juu. Angalieni tarehe za vikombe, maana kikombe kilichopitwa na tarehe ndicho mkaguzi hukiokota kwanza, hata ukikificha chini ya vyote. Angalieni cheti cha mashine ya kupuliza. Kabati la sampuli liwe na kufuli, na ufunguo uwe kwako, si juu ya kabati. Msicheke, mimi nimeukuta ufunguo juu ya kabati katika yadi ya watu wakubwa sana.

Mwaka ule tulikuwa tumepata msimamizi mpya wa usalama, kijana wa Kikamba aitwaye Mutua. Mpole, nadhifu, hana maneno mengi, lakini akishika kitu hakiachi. Alinijia asubuhi, tukaingia pamoja kukagua choo cha kupimia. Choo hicho kina sheria zake: maji yasiwe karibu, ili mtu asizimue mkojo wake. Maji ya kusukumia tulikuwa tumeyatia rangi ya buluu. Sabuni tumeondoa. Mfereji tumeufunga kwa utepe wa gundi, raundi juu ya raundi. Mimi nasimama najisifu moyoni. Mutua akainama, akanyanyua kitu pembeni ya choo.

"Sista, na hii ni nini?" akaniuliza, maana mimi pia ndivyo nilivyoitwa pale yadi.

Lilikuwa birika. Birika la plastiki la kijani, limejaa maji mpaka shingoni.

Mnaelewa? Tumefunga mfereji, tumeweka rangi, tumeficha sabuni, na birika zima la maji limekaa miguuni pa mtu aliyeshika kikombe! Miaka yote ile hakuna aliyeliona. Si mimi, si mfagiaji, si bosi aliyetangulia. Pwani choo bila birika si choo, kwa hiyo macho yetu yalikuwa yakilipita kama yanavyoupita ukuta. Nilishika kiuno nikacheka. Mutua hakucheka. Alilichukua akalitoa nje, akasema kuanzia siku ile hakuna maji ya aina yoyote kuingia mle ndani. Na kwa sheria alikuwa sawa.

Asubuhi hiyo hiyo kompyuta ya ofisini ikachagua jina la kupimwa. Ikamchagua Mzee Bakari.

Mzee Bakari alikuwa Mdigo wa Likoni, dereva mkongwe kuliko wote pale yadi. Kwao ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini siku asizokuwa safarini. Pombe alikuwa haijui hata rangi. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na madereva wote, Waislamu kwa Wakristo, wakimwita Baba. Aliingia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapokea kikombe chake, akaenda chooni. Hakukaa sana akatoka. Kikombe kikavu.

"Zuhura mwanangu, birika liko wapi?"

Nikamweleza habari ya ukaguzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akakiweka kikombe juu ya meza yangu.

"Basi sitoi."

Kwa wale wasiojua: Mwislamu akimaliza haja ndogo hustanji, yaani hujisafisha kwa maji, asije akabakiwa na najisi kwenye nguo, kwa kuwa nguo yenye najisi haisaliwi. Kwa mtu kama Mzee Bakari hilo halina mjadala. Na kwa sheria ya kampuni, kukataa kupimwa ni sawasawa na kukutwa umelewa. Unafukuzwa, na jina lako linaandikwa hivyo.

Mutua akaja. Alijaribu, masikini, kwa heshima zote. "Mzee, usikasirike. Kwani tishu haiwezi? Hii hapa, tumeweka mpya."

"Mwanangu, karatasi ni ya kuandikia barua."

Nikaona niingilie, mimi niliyesoma chuo cha Kurani kidogo. Nikasema, "Lakini Baba, si dini imeruhusu jiwe, na karatasi pia, maji yakikosekana?"

Akanigeukia. "Yamekosekana? Mfereji si ule pale, mmeufunga nyinyi wenyewe kwa gundi? Niende nimwambie Mola wangu maji hayakuwapo?"

Mutua akamwambia basi atoe sampuli, kisha aende akajisafishe kwenye vyoo vya nje.

"Niuvuke uwanja mzima najisi imenigusa suruali, kisha nisali nayo adhuhuri? Hapana. Mimi kupimwa sikatai. Nipimeni mpaka usiku. Lakini hivyo, hapana."

Sasa sheria ina mlango mmoja mdogo. Mtu ambaye mkojo haujamjia haandikwi amekataa. Anakaa, anapewa maji ya kunywa, anasubiriwa kwa saa kadhaa. Nikaona huo ndio mlango wa kumpitisha. Nikamkalisha kitini, nikampa gilasi ya maji, akanywa, nikampa nyingine, akanywa. Mutua akiwa anasikia, nikamuuliza Mzee kwa sauti, "Baba, umekataa, au ni mkojo tu haujaja?" Nikamkonyeza.

Mzee Bakari akaniangalia kama mwalimu wa chuoni anavyomwangalia mtoto aliyeruka aya.

"Umekuja kitambo," akasema. "Sasa umezidi, kwa maji yako haya. Ila siwezi kuutoa pasi na maji ya kustanji."

Wallahi, nilitaka kumpiga. Namtafutia uongo mdogo wa kumwokoa na hautaki! Amekaa pale wima, mikono juu ya magoti, jasho linamtoka, kibofu kimejaa, na uongo hausemi. Nikamwandikia vile vile alivyosema. Nilimpenda mzee yule siku zote, lakini nadhani siku ile ndiyo nilijua kwa nini.

Mutua akanivuta nje.

"Sista, huyu mzee hunywa?"

"Huyu? Huyu ndiye anayewaamsha watu wa kwao alfajiri wakasali."

"Basi kwa nini anapoteza kazi kwa jambo dogo hivi?"

"Kwa sababu kwake si dogo, Mutua."

"Nikirudisha birika, mkaguzi atatufelisha. Nisiporudisha, itabidi niandike amekataa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na mimi hata sitaki kuandika."

Pale ndipo sauti ndogo ya Sista Agneta iliponijia. Utaratibu unalinda kikombe. Nikajiuliza, kikombe kinahitaji ulinzi mpaka lini? Mpaka kifungwe. Kikishafungwa utepe, mwenyewe akauona ukifungwa na akatia sahihi, hata ukimwaga bahari yote ndani ya choo kile kikombe hakidhuriki. Tatizo lilikuwa ufungaji. Sheria inataka mtu asikiondolee macho kikombe chake mpaka kifungwe, na kwa kawaida hutoka nacho mpaka mezani kwangu. Mzee hataki kutoka bila maji. Basi meza imfuate yeye.

"Mutua," nikasema, "tukate kidirisha mlangoni."

"Mlango wa choo? Siku mbili kabla ya ukaguzi?"

"Anakiweka kikombe kidirishani. Mimi niko upande huu. Nakifunga palepale macho yake yakiwa juu yake, anatia sahihi kwenye utepe, nakichukua. Kisha birika linaingia. Kikombe kwanza, birika baadaye."

Akautazama mlango ule wa mbao kama mtu anayeagana nao. Halafu akapaaza sauti kuelekea gereji, "Charo! Leta msumeno!"

Charo alikuwa fundi wetu wa bodi, Mgiriama wa Kisauni, mtu mwenye mikono ya dhahabu na mwendo wa kobe. Akaja na msumeno, futi kamba na penseli sikioni. Akapima. Akafuta. Akapima tena. Nikamwambia akate usawa wa kifua, wala si chini ya hapo, tusije tukaoneana haya. Ndani ya chumba changu Mzee Bakari amekunja mguu juu ya mguu, anasoma uradi, na kila msumeno ukikwaruza anafumba macho.

"Charo, fanya haraka," nikamwambia.

"Sista, kazi ya mbao haitaki pupa."

Tundu likatokea, zuri, la mraba kamili. Charo akalitazama, akaridhika nalo, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha msasa.

Mzee Bakari akasimama. "Charo mwanangu, kwa haki ya Mungu, usipige msasa!"

Na Mutua, yule asiyecheka, aliangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Mzee akaingia. Tukasikia kimya, kisha tukasikia kilichokuwa si kimya, kwa muda mrefu sana. Akainama, uso wake ukatokea kidirishani kama mkata tikiti wa stesheni, kikombe kikawekwa mbele yangu. Kijikanda kikasoma joto lake sawasawa. Nikakifunga utepe, akatia sahihi kwa mwandiko wake wa kuinamia kulia, nikakichukua, nikampa mgongo nikampitishia birika kwa nyuma. Alipotoka alikuwa mtu mwengine. Adhuhuri ilimkuta safi. Na kipimo, nahitaji kuwaambia? Kilikuwa safi kuliko maji ya birika.

Lakini haikuishia hapo, kwa sababu mkaguzi alikuwa bado hajaja.

Alikuja siku aliyosema, mama wa makamo kutoka Nairobi, miwani puani, hana haraka. Akatazama vikombe, mashine, kabati, ufunguo. Akafika mlangoni akasimama.

"Hili tundu?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nijitwishe lawama, maana wazo lilikuwa langu na nimebakiza kidogo nistaafu. Mutua akatangulia. "Ni mimi niliyeagiza likatwe," akasema. Kijana aliyekuwa bado hajamaliza hata muda wake wa kujaribiwa kazini! Akaeleza yote, bila kuficha hata lile birika la mwanzo. Mkaguzi akasoma nilichoandika siku ile, akakisoma tena, akavua miwani.

"Kwa maneno haya, naweza kusema huyu alikataa, na nyinyi mkamrudisha kwa njia yenu. Mniitie."

Mzee Bakari akaja, kofia yake mkononi.

"Mzee, ni kweli ulikataa kupimwa?"

"Nilikataa kudhalilika, mama. Kupimwa sikukataa."

Mama yule akafanya kitu nilichompendea mpaka leo: hakujibu, alikwenda kujaribu. Akaingia chooni mwenyewe na kikombe cha maji, akajifungia, akakiweka kidirishani, akaniambia nifunge kama nilivyofunga siku ile. Nikafunga, nikakichukua. Akanyoosha mkono wake kukifuata kikombe, hakukifikia. Akaomba birika. Nikampitishia. Akakaa nalo mle ndani kidogo, sijui alikuwa akifikiri nini, kisha akatoka.

"Mzee hakukataa," akasema. "Aliomba, mkachelewa kumpa. Huu utaratibu uandikeni rasmi, kwa kila mtu, awe na dini au asiwe nayo." Akachukua kalamu yake. "Dosari ni moja. Kingo za kidirisha hazikupigwa msasa, zitamchoma mtu."

Charo alisikia habari hiyo kabla mama hajafika langoni. Alikuja na msasa wake, akasugua jioni nzima, anacheka peke yake.

Baada ya alasiri Mzee Bakari akaja chumbani kwangu. Mutua alikuwapo, ameegemea mlango. Nikataka kumpongeza, akainua mkono.

"Mnajua nilichokuwa nakihofia?" akasema. "Si kazi. Kazi nimeifanya, imenitosha. Nilimhofia Bi Saumu, mke wangu. Kule kwetu wangesema Bakari ameachishwa kwa ulevi. Na yeye angeniamini mimi. Kila harusi, kila matanga, wakisengenya, angesimama peke yake kunitetea, mpaka siku anayozikwa. Hilo ndilo lililonikalisha pale kitini, nisiondoke zangu. Si ukaidi."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, naye akatuombea dua, sote wawili, na watoto wa Mutua ambao hata alikuwa bado hajawazaa. Akavaa kofia yake akaenda zake kivukoni.

Mutua alikuwa amegeuka anatazama ukutani. Akakohoa, akaniuliza kama kuna jina jingine la kupimwa siku ile. Nikamwambia lipo moja, kijana mgeni, ndiyo kwanza anaingia langoni.

Akaliokota birika, akaenda mwenyewe kulijaza maji.